Nanunua vya bei nafuu, napatana bei, ila tarehe 15 nimekauka. Tatizo nini?

SWALI: Habari kaka, mi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mbagala, mshahara unaoingia ni laki 6 na 40. Sina anasa kabisa, nguo zangu ni mitumba ya Karume, mchele nachukua kiroba, mafuta dumu la lita 20, na kwenye kupatana bei wenzangu ndo huwa wananiita niwasindikize. Sasa mbona hela haifiki mwisho wa mwezi? Nimekutumia statement ya simu ya mwezi uliopita uipitie.

JIBU: Asante dada kwa kutuma statement, watu wengi huwa wananiandikia "hela inaisha tu" bila karatasi yoyote na hapo inakua ngumu kusaidia. Nimeipitia mstari kwa mstari na nakwambia ukweli, bei unazijua vizuri sana, shida yako ni mara. Yani kila kitu umenunua rahisi ila umenunua mara nyingi, na mshahara haujui kama ulipunguziwa, unajua tu umetoka.

Angalia hapa. Bando la buku umenunua mara 26, hiyo ni 26,000. Bodaboda ya buku mbili mara 14, 28,000. Mitumba umeenda mara 6 ndani ya mwezi mmoja, jumla 87,000, na naamini kila nguo uliipata kwa bei ambayo mwingine asingepewa. Jumlisha hivyo vitatu tu, ni 141,000, zaidi ya moja ya tano ya mshahara wako, na hapo hakuna chakula wala kodi.

Hii ya mitumba nataka tukae nayo kidogo maana ndo inawakamata watu wabanifu. Mchumi wa Marekani Richard Thaler, yule aliyepewa Nobel ya uchumi 2017, aliandika tangu 1985 kwamba mtu akinunua anapata raha mbili, ya kile kitu chenyewe na ya ile dili, na hii ya pili inaweza ikakufanya ubebe kitu ambacho hukuwa na haja nacho. We unafika pale wamefungua beli, blauzi inatajwa elfu 25, unavutana nae unaishusha mpaka 15, unaondoka umefurahi kwamba umeokoa elfu 10. Hiyo elfu 10 iko wapi? Kwenye statement haipo sehemu yoyote, kilichopo ni 15,000 iliyotoka.

Kwaiyo fanya hivi, kuanzia sasa kila ukipunguziwa bei, ile tofauti itume hapo hapo kwenye akiba kabla hujatoka dukani, iwe kibubu cha simu, SACCOS ya walimu, au UTT (ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja) ukiwa na akaunti. Ukiona inakuuma kutuma hiyo elfu 10 basi blauzi huihitaji, iache. Kwangu mimi hili ndo zoezi lenye nguvu kuliko daftari lolote la matumizi, sababu linakubana wakati hela bado unayo mkononi.

La pili ni kutoa hela. Umetoa kwa wakala mara 17, nyingi elfu 10 na 15. Makato ya kutoa yanaenda kwa viwango, kwaiyo kutoa elfu 10 mara tano kunakula makato mengi kuliko kutoa elfu 50 mara moja, hilo la kwanza. Ila kubwa zaidi ni kwamba ukitoa kidogo kidogo hakuna siku unayoambiwa imetosha, ikiisha unarudi tu kwa wakala kona ya pili. Chagua siku moja ya wiki, mfano jumamosi, toa ya wiki nzima mara moja, ikiisha alhamisi basi ijumaa unakula kilichopo ndani. Wiki mbili za kwanza zitakua ngumu sana, usikate tamaa. Bando nalo hamia la mwezi, piga menyu ya mtandao wako ulinganishe na hiyo 26,000.

Kiroba cha mchele sina neno nacho, endelea. Dumu la mafuta sasa, bei ya lita kweli inashuka, ila mtu akimimina kutoka kwenye dumu lililojaa mkono unakua mwepesi, kwaiyo jumapili pima chupa moja ya lita, weka jikoni, dumu funga stoo mpaka jumapili nyingine. Kama chupa inaisha jumatano utakua umeshapata jibu lako.

Michango nimeona harusi mbili na msiba mmoja. Msiba usiupunguze. Harusi taja ahadi unayoiweza mapema, ukisubiri kamati wakupigie utasema kiasi cha aibu halafu ulipe kwa kukopa.

Mwezi ujao nitumie statement nyingine, cha kwanza ntahesabu mara ulizoenda kwa wakala. Zikiwa nne au tano na bado tarehe 15 umekauka, basi tutaacha kabisa habari ya kubana, tutaongelea kipato, maana laki 6 na 40 kwa mtu mwenye familia Dar kuna mahali inafika haibaniki tena.