Maonyesho ya kilimo ya kijiji yakianza kupwaya, msikimbilie kuongeza zawadi

Mkuu, umesema maonyesho yenu ya kila mwaka bado yana mahema, muziki na wageni wa heshima, ila wakulima wanaoleta mazao na mifugo wanapungua kila msimu, na kamati inafikiria kuongeza zawadi. Nimekaa kwenye kamati ya maonyesho ya kijijini kwetu miaka kumi na moja, mitano nikiwa katibu, na hilo lilitukuta. Zawadi ziacheni kwanza. Waangalieni waamuzi wenu.

Kwetu ilikuwa hivi. Mama mmoja mtu mzima alileta mahindi kumi, punje zikiwa bado kwenye magunzi, ameyapanga kikapuni yakiwa yote ya kimo kimoja. Mwamuzi alipita, akatazama, akaandika, akaenda meza inayofuata. Jioni wakatangazwa washindi, na aliyeshinda ni mwenye mahindi makubwa kuliko yote. Yule mama akanijia, akauliza kwa upole: "Mimi nimepungukiwa wapi?" Karatasi za alama nilikuwa nazo mkononi, lakini zilikuwa na namba tu. Sikuwa na la kumwambia. Mwaka uliofuata hakuja, wala majirani zake wanne. Nilipomfuata nyumbani aliniambia: "Mwanangu, nilikuja kujifunza, mkanirudisha na kikapu changu kama nilivyokuja." Maneno hayo yaliniuma, na yananiuma hadi leo, kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Huko Marekani maonyesho ya namna hii yalianza kwa watu kutazama na kuuliza. Mwaka 1807 Elkanah Watson aliwaweka kondoo wake wawili wa Merino hadharani pale Pittsfield, Massachusetts, Marekani. Watu wakakusanyika kuitazama sufu na kumhoji, na yeye akaona kwamba kama kondoo wawili wanavuta watu kiasi hicho, mifugo ya eneo zima itavuta zaidi. Mwaka 1810 akaandaa maonyesho ya mifugo. Mvuto ulikuwa mnyama aliye mbele ya macho na mtu wa kumuuliza maswali.

Basi tulibadili jambo moja: mwamuzi hatoi alama kimyakimya tena. Anaamua mbele ya watu, kwa sauti, na mwenye mazao amesimama hapo hapo. Tulimpata mzee mmoja, bwana shamba mstaafu, na siku yake ya kwanza sitaisahau. Alichukua hindi, akalipindua, akaonyesha kitako chake na ncha yake: "Hapa punje zimejaa mpaka mwisho, hapa kwa mwenzake ncha iko wazi." Akahesabu mistari kwa ukucha, kumi na minne, akawaeleza vijana kwamba mistari ya hindi kwa kawaida huwa shufwa, hesabuni wenyewe. Wakaanza kuhesabu kweli! Kisha akalivunja katikati, akagusa kiini cha gunzi kwa kidole gumba, akanusa. Lilikuwa lile kubwa kuliko yote. Ndani lilikuwa bichi, na kwenye punje tatu za kitakoni kulikuwa na ukungu wa kijani. Akalishika juu kila mtu alione, akaeleza habari ya sumukuvu, kwamba fangasi wake hustawi kwenye punje zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, na kwamba sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Hakumdhalilisha mwenye hindi. Alimuuliza ulivuna lini, ulianika juu ya nini, na yule bwana akajibu mbele ya watu wote kwamba alianika chini, juu ya udongo mtupu.

Halafu akatoa chupa kavu, akatia chumvi kavu kidogo, akaongeza punje mpaka theluthi ya chupa, akatikisa kwa nguvu, akaiacha kama robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15, rudisha juani. Isiponata, umekaribia, ingawa kwa kuhifadhi muda mrefu ni vizuri kufika asilimia 13 au chini yake. Kipimo hicho hakihitaji mashine. Mwaka huo nadhani watu walitikisa chupa nyingi nyumbani kuliko walivyozungumzia washindi.

La pili, vigezo vya alama vitangazwe kabla ya kupanda. Ukivitangaza wiki ya maonyesho, unamsaidia aliyebahatika tu. Na kila sampuli iwe na kadi: mbegu gani, ilipandwa lini, mbolea gani, palizi ngapi. Watu husimama kwenye kadi kuliko kwenye utepe wa mshindi.

Kuhusu kushindanisha, kwa watoto na vijana sisi tumeacha nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Tunatumia ule mfumo wa Kidenmaki, unaojulikana sana kwenye maonyesho ya 4-H, vilabu vya vijana vya kilimo na stadi za maisha huko Marekani: kila kazi inapimwa kwa kiwango kilichowekwa, haipimwi kwa jirani, na wote waliofikia kiwango cha juu wanapata utepe wa rangi moja hata wakiwa ishirini. Kwa watu wazima tumebakiza nafasi, maana ushindani wanaupenda.

Mchezo wa kukisia uzito wa ng'ombe nao msiudharau. Mwaka 1906, kwenye maonyesho ya mifugo pale Plymouth, Uingereza, watu walikisia uzito wa nyama ya maksai atakapokuwa ameshachinjwa na kusafishwa. Mwanasayansi Francis Galton alizichambua kadi 787 za makisio hayo. Kisio la katikati lilikuwa ratili (paundi) 1,207, uzito halisi 1,198. Sisi tunautumia kufundisha: kwanza watu wakisie kwa macho, kisha tunampima mnyama mzingo wa kifua kwa utepe wa kupimia, tunaeleza kwa nini kifua ndicho kinachosema ukweli.

Hapa niwe mkali kidogo. Mifugo ya nyumba nyingi ikikusanyika, magonjwa nayo yanakusanyika. Mwaka 2001 Uingereza maonyesho mengi yalifutwa kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo. Mnyama mwenye mafua, kidonda cha mdomoni au kuhara arudishwe getini, hata kama ni wa mwenyekiti. Kuku wasio na chanjo ya kideri wasiingie. Akirudi nyumbani, mnyama atengwe wiki mbili hadi tatu, na ndoo yake isitumiwe na wengine. Wekeni maji na sabuni karibu na mabanda, watoto hushika wanyama kisha wakala.

Msibadili kila kitu mwaka mmoja. Anzeni na meza moja ya zao ambalo kila nyumba inalima, na mwamuzi mmoja anayejua kueleza na asiye na ndugu kwenye mashindano. Yule mama alirudi mwaka wa tatu. Alishika nafasi ya pili, na tangazo la washindi likachelewa karibu saa nzima kwa sababu watu walikuwa wamemzunguka, wakimuuliza jinsi alivyotengeneza kichanja chake cha kukaushia.