Usikimbilie kerneli iliyotoka juzi

Kaka, nimekuelewa: kompyuta sita za saiba yako hapo Lamu zinatumia Linux yenye kerneli 4.19 (kerneli ni kiini cha mfumo, kinachoendesha vifaa vya mashine), na kijana amekushauri uweke mpya kabisa. Usimsikilize, lakini pia usibaki ulipo. Hiyo 4.19 ni ya 2018, na matengenezo yake yaliisha Desemba 2024. Tundu la kiusalama likionekana leo, watunzaji wake wa kawaida hawalizibi tena.

Kerneli mpya hutoka kila wiki 9 au 10, na nyingi huachwa baada ya miezi michache. Karibu kila mwaka huchaguliwa moja ya kutunzwa kwa miaka. Hiyo hupata marekebisho tu, bila vitu vipya vya kujaribiwa kwa wateja wako. Ningechukua 6.12, moja ya hizo zinazotunzwa, inayokuja na Debian 13, toleo mojawapo la Linux. Kwanza andika amri lscpu kwenye dirisha la amri, ikuonyeshe aina ya prosesa: mashine ikiwa ya biti 32 pekee, yaani ya kizamani, Debian 13 haitaiingia.

Mimi niliwahi kuweka mpya jioni, huku Malindi. Asubuhi kidude cha waifai cha USB kimekufa, na watu wamepanga foleni na fomu zao. Kilichoniokoa ni kerneli ya zamani, ambayo bado ilikuwa kwenye menyu ya kuwashia. Kwa hiyo usiifute ya zamani. Nakili faili zako nje, anza na mashine moja, uichapishie na kuitumia wiki nzima. Na isiwe wiki ya Maulidi, wageni wamejaa!

Ile mashine yenye hesabu za duka mwachie fundi.