Kibodi Isipojibu, Usikimbilie Kuagiza Nyingine

Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Majengo, Moshi. Laptopu yake ni Framework Laptop 16, ameachiwa na mjomba wake anayeishi Ujerumani, na kibodi imekaa kimya. Taa za herufi haziwaki, ukibonyeza hakuna kinachotokea. "Dada, fundi ameniambia niagize kibodi mpya nje. Hela sina, na kazi za watu ninazo. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, nilikujibu kwa kifupi usiku uleule, lakini nimeona niandike kwa urefu, maana hayo uliyoambiwa niliambiwa na mimi, tena kwa maneno machungu kuliko hayo. Na najua wengi mnaosoma hapa mnataka ninachotaka mimi: kazi yako mwenyewe, vifaa vyako mwenyewe, mteja anayekulipa bila kupitia mlango wa mtu. Kwa watu kama sisi kibodi ikifa ni duka limefungwa.

Mimi nahariri video za kampuni za utalii hapa Arusha. Laptopu kama hiyo niliinunua kwa mtu aliyekuwa akijitolea hapa mjini, wiki anayoondoka kurudi kwao. Niliitamani kwa sababu moja tu: inafunguka. Framework ni kampuni ya Marekani, laptopu zake za kwanza zilitoka 2021, na hii kubwa ya inchi 16 ilianza kuwafikia wanunuzi 2024. Kibodi inatoka, tachipadi inatoka, hata matundu ya kuchomekea waya unayahamisha upande unaoutaka. Wenzangu waliniuliza kwa nini nisichukue laptopu ya kawaida yenye jina kubwa. Niliwaambia nataka kitu ambacho kikiharibika nitakitengeneza hapahapa Sakina.

Kilipoharibika, kiliharibika wakati wa kazi. Nilikuwa nimerudi Serengeti na timu ya kupiga picha, kiangazi kimekolea. Anayeijua ile barabara baada ya geti la Loduare, ukishapita ukingo wa Ngorongoro kuteremka kuelekea Naabi, anajua vumbi lake. Ni laini kama unga wa muhogo, linapita kwenye zipu, linapita kwenye mfuko ulioufunga vizuri. Nimefika nyumbani, nimewasha laptopu, skrini imekuja vizuri, kibodi kimya. Mteja anasubiri video kesho yake.

Nikaenda dukani kwa fundi mmoja mjini, sitamtaja. Akabonyeza vitufe viwili vitatu, akaigeuza, akaanza kutafuta skrubu chini. Nikamwambia kaka, kibodi ya hii haishikwi na skrubu. Hakunisikiliza. Akasema madabodi, ile bodi kuu ya mashine, imeungua, laki sita, na kama nataka kibodi mpya hiyo ni bei nyingine. Nikamuuliza amejuaje kwamba ni madabodi wakati mashine inawaka na picha inatoka. Akanitazama, akasema: "Dada, hivi vitu si vya kuchezea. Mwambie mzee wa nyumbani aje tuongee." Vijana waliokuwa pale wakacheka.

Nilichukua laptopu yangu nikatoka. Ndani ya kifodi, daladala yetu ya huku, machozi yalinitoka, na wala sioni haya kuliandika hilo. Sikulia kwa ajili ya laki sita. Nimelipa kodi ya nyumba kwa kazi ya mikono hii, halafu mtu ananiambia nimlete mwanaume ndipo aeleze kilichoharibika. Mpaka leo nikipita mtaa ule moyo unachemka.

Basi nikakaa mezani nikaifanya kazi mwenyewe.

Kwanza nikachomeka kibodi ya nje ya USB. Ikaandika. Hapo madabodi ikatoka kwenye orodha ya washukiwa, na laki sita ikabaki mfukoni mwangu. Nikazima, nikawasha upya nikibonyeza F2 kwa ile kibodi ya nje mpaka nikaingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine inayofunguka kabla Windows haijawaka. Humo nikajaribu kibodi ya laptopu. Kimya. Ingekuwa inafanya kazi kwenye BIOS na inakataa kwenye Windows, tatizo lingekuwa Windows. Ilikataa kote, kwa hiyo shida iko kwenye kibodi yenyewe au mahali inapogusana na mashine.

Pale inapogusana ndipo penyewe. Kwenye laptopu hii kibodi haina waya. Imekaa kwa sumaku, na mawasiliano yake na mashine yanapita kwenye vipini vidogo vyenye springi vinavyogusa vibati vya dhahabu. Ndani kuna chipu yake yenyewe, RP2040, ya Raspberry Pi ya Uingereza, kwa hiyo mashine inaiona kibodi kama kifaa cha USB kilichochomekwa kwa ndani. Vipini visipogusa, hakuna umeme, na kibodi isiyo na umeme huwezi kuitofautisha na iliyokufa kwa kuiangalia tu.

Kitu kingine ambacho yule fundi hakukijua: tachipadi ndiyo inayofunga mlango. Ikisogea mahali pake, hata kama inaonekana imekaa, mashine inakata umeme wa moduli zote za juu, yaani sehemu zinazochomoka kama kibodi. Kwa hiyo kabla ya lolote, itoe tachipadi na vile vipande vya pembeni yake, kisha rudisha mpaka vikae sawasawa, bila ukingo wowote kunyanyuka. Wengine tatizo lao linaishia hapo.

Langu halikuishia hapo. Nikainua kibodi, nikaipeleka kwenye mwanga wa dirishani. Kwenye vile vibati kulikuwa na utando wa kijivu, mwembamba, na kwenye kimoja alama ya kipini imejichora katikati ya vumbi. Ndipo nikafanya jaribio ninalolipenda kuliko yote. Kibodi hii inaweza kukaa katikati, kushoto au kulia, na kila ikihama inagusa sehemu nyingine ya mashine. Yangu ilikuwa katikati. Nikaihamishia kushoto, vijaza-nafasi, vile vipande vitupu vinavyoziba pengo la pembeni, vyote nikaviweka kulia, nikarudisha tachipadi. Taa zikawaka! Nilipiga kelele mpaka jirani akauliza kulikoni. Kibodi nzima, madabodi nzima, na laki sita ilikuwa inakwenda kuliwa na vumbi la Naabi.

Kusafisha ni kazi ndogo. Zima mashine kabisa, chomoa chaji. Mswaki mpya laini kutoka dukani kwa mangi, ukiwa mkavu, kuondoa vumbi la juu. Halafu tone la alkoholi ya isopropili, ile wanayotumia mafundi simu, kwenye kitambaa cha miwani. Futa vibati, gusa vipini kwa upole, usivipinde. Acha ikauke kabisa. Usitumie maji, usitumie pamba inayoacha nyuzi, usikwangue kwa kisu.

Narudia, mdogo wangu: bisibisi kaa nayo mbali. Hakuna skrubu hata moja ya kufungua ili kuitoa kibodi ya hii laptopu. Anayeanza na skrubu hajaijua mashine.

Wenye ndogo yake, ya inchi 13, mambo yenu ni tofauti: kibodi iko kwenye kifuniko cha juu, na skrubu za chini zipo. Kibodi na tachipadi zikizima pamoja, shuku ule waya bapa unaozipeleka zote mbili kwenye madabodi. Inua kifuniko polepole usije ukaukata.

Kama umesafisha, umehamisha, na bado kimya, chomeka kipanya cha nje uangalie orodha ya vifaa ya Windows. Kwenye Linux andika lsusb, utafute 32ac, ndiyo namba ya kampuni hii. Ikionekana lakini haiandiki, shuku programu. Ukishikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8, Windows inaweza kuanza kupuuza mibofyo ya harakaharaka, ukadhani kibodi imekufa. Kipengele hicho kizime kwenye mipangilio ya ufikivu (Accessibility). Isipoonekana kabisa, lipo jaribio la mwisho: mashine ikiwa imewaka, vuta tachipadi kidogo, shikilia Alt zote mbili, kisha irudishe tachipadi ukiwa bado umezishikilia. Likijitokeza diski linaloitwa RPI-RP2, ubongo wa kibodi uko hai, na programu yake unaweza kuiweka upya kwa faili ya kampuni. Hakikisha ni faili ya aina yako hasa ya kibodi.

Dada zangu hasa, na nyie vijana mnaoogopa kugusa mlichokinunua kwa jasho lenu: kijueni kifaa chenu kabla mtu hajawaeleza kimeharibikaje. Fundi mzuri yupo, nawajua kadhaa hapa mjini, na wote wana tabia moja: wanajaribu mbele yako na kukuonyesha. Asiyetaka uone anachofanya, chukua mzigo wako uondoke. Anayekuuliza mumeo yuko wapi, ondoka haraka zaidi.

Na wewe wa Majengo, usiniandikie tena kwamba imekufa. Niandikie mambo matatu: kibodi ya nje inaandika au haiandiki, ukiihamishia kushoto taa zinawaka au haziwaki, na RPI-RP2 inatokea au haitokei. Hayo ukinipa, leo leo nitakwambia kama kuna cha kuagiza.