Kwa wanaoanza msaragambo wa hamamu: maji kwanza, mwiko baadaye

Wengi wanaojiunga na ukarabati wa hamamu la kale, yaani nyumba ya kuogea ya umma, hufika siku ya kwanza wakiwa na mwiko mkononi. Uwekeni chini. Hamamu la pale Hamamni, Unguja, lililojengwa na Haji Gulamhussein zama za Sultani Barghash (1870–1888) na kuacha kutumika mwaka 1920, lilikusudiwa kupitisha maji kila siku. Majengo ya namna hii huliwa na maji yaliyopotezewa njia, na lipu mpya juu ya ukuta unaovuja haifiki masika ya pili.

Ukagueni ukuta wakati wa kiangazi. Unyevu unaoteremka kutoka juu ni wa kuba au wa mlizamu (mfereji wa paa) wa jirani. Unaopanda kutoka chini na haukauki hata Februari, shukuni karo (shimo la maji machafu) la nyumba ya pili au bomba lililopasuka. Hapa mtaa una nguvu kuliko mkandarasi: mwenye karo hamfungulii mgeni, ila sheha, kiongozi wa mtaa, akija na majirani atafungua. Wazee nao wanajua mtaro gani ulifukiwa, na wapi.

Nyufa zisizibwe haraka. Pakeni ukanda mwembamba wa jasi kuvuka ufa, muandike tarehe. Ukikatika, ukuta bado unatembea na kazi ni ya mhandisi. Mti ulioota kwenye kuba msiung'oe, kwa kuwa mizizi hutoka na mawe. Ukateni, kisiki kife, ndipo mkitoe kidogo kidogo na kujaza chokaa. Na kabla ya patasi kugusa chochote, kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kiwe mkononi na kila chumba kiwe kimepigwa picha na kupimwa.

Saruji ndiyo ugomvi mkubwa, maana kila mtaa una fundi atakayesema ni imara zaidi. Ni kweli, na ubaya wake ni huo huo. Ukuta wa mawe ya matumbawe hupumua. Ukifungwa kwa saruji, unyevu hutafuta kutokea kwenye jiwe, chumvi inaganda ndani na uso wa jiwe unamomonyoka nyuma ya lipu inayoonekana nzima. Iondoeni kwa nyundo na patasi, si kwa mashine. Ikiwa kila kipande kinatoka na jiwe, iacheni hapo kwa sasa.

Chokaa mbichi, yaani mabonge yaliyochomwa ambayo hayajaguswa na maji, hutiwa ndani ya maji. Kamwe msimwagie maji juu yake, itarukia macho. Jazeni pipa la chuma nusu, tieni mabonge kidogo kidogo, mkivaa miwani na glavu. Inachemka kwelikweli, kwa hiyo watoto wakae mbali. Chujeni, kisha rojo likae chini ya maji, kina cha vidole vitatu, angalau miezi 3. Anayeharakisha hatua hii hubaki na punje ambazo hazijaiva. Hizo hufura ndani ya lipu na kuitoboa vishimo.

Kwa lipu ya kawaida, karai 1 la rojo kwa makarai 3 ya mchanga uliooshwa kwa maji yasiyo na chumvi. Mchanga wa pwani usiooshwa unarudisha chumvi ile ile mliyoihangaikia. Mahali patakapogusa maji, rojo 1, mchanga 2, na unga wa matofali ya kuchoma 1. Pondeni mchanganyiko sana badala ya kuongeza maji. Maji mengi ndiyo yanayoleta nyufa. Lowesheni ukuta kwanza, pigeni tabaka lisilozidi sentimita 1, mkisubiri hadi kidole gumba kisiache shimo ila ukucha uache alama. Kisha funikeni kwa magunia mabichi na kunyunyiza mara tatu kwa siku kwa wiki nzima. Upepo na jua vikilikausha kabla halijashika, litapukutika kama unga. Kazi ya magunia wapeni watu makini. Huonekana duni, na ikipuuzwa ndiyo inayoharibu lipu nyingi kuliko kazi yoyote.

Sakafu iachwe mwisho. Chini yake panaweza kuwa na njia za maji au za joto, hivyo fungueni kipande cha nusu mita kwa mkono kabla ya mtu yeyote kuagiza zege.