Mtoto kwenda shule na kifaa chake: kabla hujanunua, ongea na shule kwanza

Mkuu, nimesoma swali lako na majibu yaliyokwisha kuja. Nusu wanasema nunua, dunia imebadilika. Nusu wanasema simu itamharibu mtoto. Kwa ambao wameingia sasa hivi: shule binafsi ya kutwa hapa Moshi imewaandikia wazazi wa kidato cha kwanza kwamba kuanzia muhula ujao kila mwanafunzi aje na kishikwambi au kompyuta mpakato yake ya kujifunzia. Mzazi anauliza kama jambo hili lina maana, na kama linayo, anunue nini.

Nafundisha Fizikia sekondari hapa hapa mjini. Shuleni kwetu vifaa vya wanafunzi vinaingia darasani kwa vipindi maalumu na kwa kibali, kwa hiyo ninachoandika nimekiona kwa macho yangu. Naliunga mkono jambo hili kwa moyo wote. Ila kifaa cha mtoto ndicho kitu cha mwisho kuandaliwa. Shule ikianza kwa kuwaambia wazazi wanunue, halafu ndiyo ikae kufikiri watoto watafanya nini na hivyo vifaa, hela yako itaishia kwenye gemu na muziki.

Kwanza nijibu hili la "hata Ulaya wamepiga marufuku", maana wengi wamelishikilia. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2018 inayokataza wanafunzi wa chekechea hadi shule za kati kutumia simu shuleni, lakini sheria hiyo hiyo imeacha nafasi ya matumizi ya kufundishia. Ripoti ya UNESCO ya 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilisema chini ya robo ya nchi duniani zilikuwa na marufuku ya simu shuleni, na ikaonya kwamba simu huvuruga usikivu wa mwanafunzi. Onyo hilo ni la kweli kabisa. Kwetu Tanzania shule nyingi zinakataza mwanafunzi kuwa na simu, na akikamatwa nayo bwenini mnajua kinachofuata. Wakati huo huo, vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa walimu vikafanye kazi ya kufundishia. Kwa hiyo hoja ya kuulizana ni nani anakishika kifaa, saa ngapi, na kwa kazi gani.

Niwape mfano mmoja wa kazi. Mada ya vitu vinavyoanguka kila mwaka ilikuwa inanitesa. Golori ikiangushwa kutoka mita 1.25 inafika chini kwa nusu sekunde hivi. Mwanafunzi mwenye saa ya kubonyeza kwa kidole hawezi kupima muda huo: akichelewa sehemu moja tu ya kumi ya sekunde, ile g anayoitafuta (mchapuko unaotokana na mvutano wa dunia) inatoka chini ya 7 badala ya 9.8, naye anabaki anaamini kwamba fizikia ni mambo ya kukariri. Sasa kuna programu inaitwa phyphox, ya Chuo Kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani. Ni ya bure, na ukishaipakua haihitaji bando. Ndani yake mna saa inayoendeshwa na sauti: mlio wa kwanza unaiwasha, mlio wa pili unaizima. Tunaweka rula ya chuma ukingoni mwa meza, golori juu ya ncha yake, na chini sakafuni mfuniko wa sufuria. Mtoto anaigonga rula kwa pembeni, saa inaanza; golori inatua kwenye mfuniko, saa inasimama. Wanasoma 0.50, 0.51, 0.50. Wanapiga hesabu yao na namba iliyo karibu sana na 9.8 inatoka kwenye madaftari yao wenyewe.

Na kuna jambo sikulitegemea. Kwa kuwa saa inasikia kila mlio, kundi likipiga kelele linaharibu kipimo cha kundi la jirani. Basi darasa zima likanyamaza lenyewe. Wakaanza kupeana zamu kwa ishara za mikono, na binti mmoja akagundua kwamba unaweza kuiambia programu isisikie milio midogo, akazunguka meza hadi meza akiwaonyesha wenzake. Simu zilikuwa mezani na hakuna aliyekumbuka WhatsApp.

Angalia hapo: kifaa kilichohitajika ni simu au kishikwambi chochote chenye kipaza sauti. Simu ya tachi yenye kioo kilichopasuka imefanya kazi sawasawa na kishikwambi kipya. Kwangu hii ndiyo kanuni ya kwanza, na ningependa kila mwalimu wa taaluma aibandike ofisini kwake: somo liandaliwe kwa kifaa duni kuliko vyote vilivyomo darasani. Mwalimu akiandaa kwa kile bora, watoto kumi wanasoma na thelathini wanatazama.

Jambo la pili ni mtandao. Shule nyingi zinafikiri zikifunga waifai zimemaliza. Chukua darasa la watoto 40, waambie wafungue video ya dakika kumi. Kwa ubora wa kawaida video hiyo inaweza kula MB 80, kwa hiyo kipindi kimoja kimekula zaidi ya GB 3, kama ruta itakubali. Na ruta ya nyumbani haikubali. Watoto 40 wakiingia kwa mpigo, kila kitu kinazunguka tu mpaka kengele inalia. Dawa yake ipo na si ghali. Weka masomo ndani ya jengo. Sisi tuna Raspberry Pi, kompyuta ya kutosha kiganjani, ndiyo seva yetu ya ndani, imeunganishwa na ruta isiyo na bando lolote. Ndani yake kuna Kolibri, mfumo uliotengenezwa makusudi kwa shule zisizo na intaneti. Kuna Wikipedia kupitia Kiwix, programu ya kuisoma bila intaneti. Kuna mitihani iliyopita. Na kuna majaribio ya kuigiza kwenye kioo ya PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ule mradi ulioanzishwa 2002 na Carl Wieman, aliyepata Nobel ya Fizikia 2001. Mengine yametafsiriwa kwa Kiswahili. Mtoto anaunga betri, waya na taa kwenye kioo, akikosea anaona moto, anarudia. Hakuna balbu iliyoungua na hakuna senti ya bando iliyotumika. Faida ya pili mzazi ataipenda: kwenye mtandao huo wa ndani hakuna Instagram wala TikTok. Kama mtoto hana laini kwenye kifaa, anachokipata ni kile tu mlichoweka.

Nyumbani akitaka kujisomea, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Hiyo inatosha kuanzia.

Umeme nitaupitia haraka. Chaja ya kawaida inavuta kama wati 10, kwa hiyo simu 40 ni wati 400, mzigo mdogo kuliko pasi. Hatari iko kwenye soketi. Darasa lina soketi mbili, halafu unakuta ekstensheni imechomekwa kwenye ekstensheni, plagi imepata moto mpaka plastiki inanuka. Watoto waje na chaji kutoka nyumbani, na shule iwe na sehemu moja ya kuchajia yenye mtu anayeisimamia. Yenu itachajia wapi? Waulize.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza, na naomba shule zinisikie. Barua ya "kila mwanafunzi aje na kifaa chake" ikifika nyumba ya mama anayeuza ndizi Mbuyuni, anachofanya ni kimoja: anampa mtoto simu yake. Hataki mwanawe aonekane hana. Asubuhi mtoto anapanda daladala na simu ya mama, na mama anabaki sokoni bila simu. Wateja wanaolipa kwa simu amewapoteza, aliyetakiwa kumletea mzigo kutoka Marangu hampati, na mdogo wake mtoto akiugua shuleni mwalimu anapiga namba inayoita darasani kwetu.

Kuna kibaya zaidi ya hapo. Katikati ya kipindi, kioo kiko juu ya meza na watoto wanne wamekizunguka, ujumbe unateremka kutoka juu: ile mikopo ya mtandaoni, inamtaja mama kwa jina, inataja kiasi anachodaiwa, inatishia kuwapigia ndugu zake. Nimeona mtoto akikifunika kioo kwa kiganja, akakaa hivyo hadi mwisho wa kipindi. Wenzake walikuwa wameshasoma. Wiki iliyofuata alisema simu imeharibika. Haikuwa imeharibika.

Tangu hapo kwetu simu ya mzazi haiingii darasani, hata mzazi akisaini kibali. Kabatini kuna vishikwambi vya shule, vingine vya mtumba, na vyote, vya shule na vya wanafunzi, tumevivalisha kava zinazofanana rangi ya kijani. Mwenye chake na asiye nacho ukiwatazama huwezi kuwatofautisha. Na kazi zote ni za wawili kwa kifaa kimoja. Hata kama siku moja vitatosha kila mtoto chake, nitabaki na wawili wawili, kwa sababu mtoto anayebishana na mwenzake juu ya jibu anaelewa kuliko anayebofya peke yake kimya.

Kwa hiyo mkuu, swali lako la kwanza kikaoni liwe hili: asiye na uwezo wa kununua, shule imemwandalia nini? Kama wataanza kuzunguka, shule haijawa tayari, hata kama mwanao wewe unamudu kumnunulia kizuri.

Nidhamu watu wanaiogopa sana, na kwa sehemu kubwa inawezekana. Kifaa kikae juu ya meza, kisishuke chini ya dawati. Mwalimu akisema "kioo chini" vyote vinalazwa kifudifudi na macho yanarudi ubaoni. Mwalimu atembee, asikae kitini. Kinachohitaji ukali ni kamera. Mtoto akimrekodi mwenzake akikosea ubaoni na kuisambaza kwenye magrupu, madhara yake hayafutiki. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na watoto waelezwe kwamba zipo na kwa nini zipo. Kanuni yetu ni fupi: hakuna picha ya mtu bila mwalimu kusema na mwenyewe kukubali. Wizi nao upo. Kabla kifaa hakijatoka nyumbani, chukua namba yake ya utambulisho. Kwa chenye nafasi ya laini bonyeza *#06# utaiona, ya mpakato iko chini ya kompyuta. Iandike mahali, na nakala iwe kwenye daftari la shule. Mkubaliane mapema, kwa maandishi, kikivunjika au kikiibiwa shuleni nani analipa. Nimeshuhudia wazazi wawili wakigombana getini kwa sababu ya kioo, na mkuu wa shule hana cha kusema kwa kuwa hakuna kilichoandikwa.

Cha kununua, ikifika hapo: kishikwambi chenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4, nafasi ya kuhifadhi ya GB 64, kioo cha inchi 8 au zaidi ili asisome vitabu kwa kukodoa. Vile vya watoto vya rangi rangi vyenye RAM ya GB 1 viache, vitagoma na PDF ya kwanza. Kama shule inafundisha kompyuta kwa maana ya kuandika na kutengeneza programu, afadhali mpakato wa mtumba wa zile za maofisini, zina kibodi imara na vipuri vyake mafundi wa Arusha na Moshi wanavyo. Uliza hali ya betri, iwashe bila chaja ukiwa dukani, icheze video robo saa ukiiangalia. Usimwekee laini.

Na daftari lisiondoke. Mtihani wa NECTA wa kidato cha nne mtoto anaandika kwa kalamu, kwenye karatasi, kwa saa kadhaa. Wapo niliowafundisha waliozoea kuchapa, mkono ukachoka katikati ya mtihani wa majaribio. Jaribio la golori tunalifanya kwa simu, lakini jedwali, grafu na maelezo vinaandikwa kwa mkono siku hiyo hiyo.

Umesema kikao chenu ni Jumamosi. Mwombe mwalimu wa taaluma akuonyeshe ratiba ya kidato cha kwanza, akuoneshe kwa kidole vipindi vya wiki ya kwanza vitakavyotumia vifaa na kazi itakayofanyika humo. Akikuonyesha hata vitatu vilivyoandaliwa, kanunue. Kama hana, ombeni shule, wazazi wote pamoja, iahirishe muhula mmoja, na sehemu ndogo ya ile hela mliyopanga ichangieni kwenye seva ya ndani na vifaa vichache vya kabatini. Raspberry Pi na ruta yake nikipewa jioni moja nawafungia mimi mwenyewe bila malipo, nitumie ujumbe faragha tupange.