Barua ya wakili kuhusu viatu bandia: usisaini haraka

Ndugu yangu, nimekuelewa: ukiwa Uingereza uliuza mtandaoni viatu ulivyoamini ni halisi, na sasa mawakili wa mwenye nembo wanakupa siku 14 usaini ahadi ya maandishi ya kutouza tena bidhaa kama hizo na ulipe pauni 1,500. Pole sana. Nami niliwahi kupokea barua kama hiyo kwa ajili ya mikoba, nikakosa usingizi.

Ondoa tangazo leo, lakini usitupe viatu vilivyobaki wala kufuta ujumbe, kwani risiti na mazungumzo yako na aliyekuuzia ndiyo ushahidi wako. Hakikisha pia, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe na si ile ya kwenye barua, kwamba mawakili hao wapo kweli.

Sheria ya Alama za Biashara ya mwaka 1994 ni kali: katika kesi ya madai kutojua hakukuondolei dhima, ingawa katika jinai kuamini kwa sababu za msingi kwamba hukuvunja haki ya nembo ni utetezi. Kwa hiyo usikae kimya. Andika kwa ufupi kwamba umeipokea barua, umesitisha mauzo na unatafuta ushauri, bila kukiri lolote. Kiasi kinachodaiwa mara nyingi hujadilika: nilipoonyesha kwamba faida yangu yote ilikuwa pauni 64, walipunguza.

Ahadi yenyewe ndiyo ya kuogopwa zaidi, maana inaweza kukufunga bila kikomo cha muda, hivyo wakili wa miliki bunifu aisome kabla hujatia saini. Citizens Advice, shirika la kuwashauri wananchi, watakuelekeza bure pa kuanzia. Wakikuita maofisa wa Trading Standards, idara ya serikali za mitaa inayosimamia sheria za biashara, kwa mahojiano, usiende bila wakili.