Picha zote ni za kabla ya tarehe 24

Binamu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema wewe na wifi, walimu wote wawili hapo Newala, Mtwara, mmeona tangazo la kazi ya kufundisha nje, na kabla hamjajaza fomu mnataka niwaambie ukweli: sisi huku Ujerumani na watoto tunakulaje Krismasi? "Maana kwenye picha mnaonekana mmeshafika peponi." Na wifi nimemsikia nyuma akidakia, "Muulize na theluji."

Theluji nimalizane nayo haraka. Tumekula Krismasi mbili hapa Leipzig, ya 2023 na ya 2024, na zote mbili theluji hatukuiona. Ile picha ya mwanangu kajilaza kwenye weupe ni ya mapema Desemba. Siku chache baadaye yalikuwa maji machafu ya barabarani. Kisichokosa kuja ni giza. Jua linachomoza saa mbili imeshapita, saa kumi jioni limezama. Unamtoa mtoto nyumbani gizani, unamrudisha gizani, kama mwizi wa korosho.

Sasa hizo picha. Zifungue tena uangalie tarehe zake. Zote ni za kabla ya tarehe 24, na aliyezichagua ni mimi.

Hapa mjini kuna soko la Krismasi, historia yake inaanzia 1458, linafunguliwa mwishoni mwa Novemba mbele ya jengo la zamani la serikali ya mji. Taa kila mahali, lozi zinakaangwa na sukari mpaka harufu inakufuata kwenye tramu, mvinyo unauzwa wa moto. Kikombe chake unakilipia dhamana, ukikirudisha unapewa hela yako. Kile kikombe ulichoniona nimekishika kilikuwa na juisi ya moto ya watoto, na nilikirudisha. Kwenye madirisha ya nyumba watu wanaweka pinde za mbao zenye taa, desturi ya wachimba madini wa milima ya Erzgebirge, kusini mwa hapa. Watoto wana kalenda ya vidirisha 24, kila siku wanafungua kimoja wanakuta chokoleti. Usiku wa kuamkia tarehe 6 wanaweka viatu mlangoni, asubuhi wanavikuta na pipi na machungwa. Kwa mtoto, mwezi mzima ni sikukuu, na hapo sikudanganyi, wangu wanafurahi kweli.

Halafu tarehe 23 soko linafungwa. Mafundi wanakuja kubomoa vibanda. Saa ileile ambayo kwetu mtu ndiyo kwanza anaanza kutwanga kitunguu saumu, huku imekwisha. Kinachobaki ni cha ndani, cha baba, mama, watoto na bibi wa damu. Zawadi wanapeana jioni ya tarehe 24, wengi wanakula soseji na kachumbari ya viazi (ndiyo, binamu, soseji na viazi, siku kuu kuliko zote), na barabarani hupishani na mtu.

Mwaka wa kwanza hatukujua hayo. Nilipanga kama nilivyolelewa: vitu vya Krismasi vinanunuliwa mkesha. Sasa 2023 tarehe 24 iliangukia Jumapili, na Jumapili maduka huku yanafungwa, ndiyo sheria yao. Tarehe 25 sikukuu. Tarehe 26 nayo sikukuu. Yaani wamefunga Jumamosi usiku mpaka Jumatano. Mimi Jumapili asubuhi nimebeba mfuko, nimemshika mdogo mkono, nimesimama mbele ya ule mlango wa kioo unaojifungua wenyewe. Haufunguki. Nikadhani haujaniona. Nikarudi nyuma, nikausogelea tena, nikapunga mkono juu. Mtoto akaniambia, "Mama, ndani hakuna taa."

Nyumbani tulikuwa na mchele kilo moja, vitunguu vitatu na dagaa waliobaki kwenye sanduku tulilokuja nalo. Mume wangu alikwenda stesheni, kule kuna maduka yanaruhusiwa kufungua, akarudi na mkate na jibini kwa bei ya kukufanya uukumbuke mkate huo. Jirani wa ghorofa ya juu, mama wa Kisyria ambaye mpaka siku ile tulikuwa tunasalimiana kwa kichwa tu, alinikuta kwenye ngazi na ule mfuko mtupu. Kijerumani changu na chake vyote vilikuwa vya kuokoteza, lakini mfuko mtupu hauhitaji lugha. Baadaye kidogo anagonga na kuku wawili wa kwenye friza. "Halali," akasema, kama anayeomba radhi. Nikaanza kucheka mpaka akaingiwa na wasiwasi.

Wewe unajua nilichokuwa nacheka. Unakumbuka pale kwetu Ndanda baba alikuwa hashiki kisu siku ya Krismasi. Kuku wote walikuwa wanapelekwa kwa jirani yetu, mzee wa msikitini, achinje yeye, ili akija mchana na wanawe wasiulize chochote, wale tu. Na walikuwa wanakuja kweli, tangu mchana hadi jioni, wao na wa nyumba ya tatu na watoto ambao hata mama alikuwa hawajui ni wa nani, wanapanga mstari kudai mkono wa sikukuu. Kwa hiyo kuku wangu wa kwanza wa Krismasi Ulaya naye kachinjwa na Muislamu. Nikapika pilau bila viungo vya maana, na kile kikengele cha moshi cha darini kikalia nilipokuwa nakaanga vitunguu. Mama wa Kisyria alishuka na watoto wake wanne tukabanana sebuleni. Picha ya siku hiyo sikuituma. Nyumba ilikuwa vurugu, na nilijua mtasema, "Ulaya gani hiyo?"

Kuhusu kazi, maana ninyi mnakuja kama walimu. Mume wangu, shemeji yako, anafundisha Kiswahili chuoni, na kazi yake nzuri. Wanafunzi wake wanazijua ngeli kwa namba, wewe na mimi tunazijua kwa mdomo tu. Lakini muhula unaanza Oktoba unaishia mwanzoni mwa Februari, Krismasi iko katikati. Anapata kama wiki mbili. Msidhani ni kama kwetu, shule zinafungwa mapema Desemba na mwalimu anapata muda wa kwenda shamba. Na wiki mbili zenyewe ndizo tiketi ziko juu kuliko mwezi wowote. Mwaka jana tuliangalia bei ya watu wanne, tukafunga kompyuta, tukaenda kulala.

Mimi cheti changu bado kinapitiwa, na lugha lazima ifike kiwango chao. Mwalimu wa darasa la saba, binamu, sasa ni msaidizi wa chekechea. Desemba kazi yangu kubwa ni kuvika. Suruali ya mvua, buti, skafu, kofia, glovu ambazo kidole gumba hakiingii penyewe, mara watoto kumi na wanane. Ukimaliza wa mwisho, wa kwanza anasema anataka kukojoa. Sijutii, mshahara unaingia kwa tarehe yake. Ila aje mtu anayejua anakuja kufanya nini.

Kanisa nalo lilinishangaza. Wale watawa Wakatoliki, Mabenedikto, waliofika Ndanda mwaka 1906 walitoka Ujerumani, nami nilikuja nikiamini naenda kwenye chimbuko la misa ya usiku tuliyokulia. Kumbe huku mashariki mwa Ujerumani watu wengi hawana dini kabisa. Tarehe 24 ndiyo makanisa yanafurika, hasa lile la Mtakatifu Thomas, la Kilutheri, alilofanyia kazi Bach tangu 1723 hadi alipofariki mwaka 1750. Kwaya yake ya wavulana ina zaidi ya miaka mia nane. Tuliwahi kupanga foleni pale, na kwa kuimba, sijasikia kama kule. Ila hakuna anayecheza hata bega. Halafu ukijiandikisha mjini wanakuuliza dini. Mimi nikajibu kwa fahari, Mkatoliki. Mshahara ulipotoka nikakuta makato ya kanisa: asilimia 9 ya kodi yangu ya mapato, inakatwa juu kwa juu. Sikufuta jina, na nimeacha kumlaumu katibu wa jumuiya wa Ndanda aliyekuwa anatufuata na daftari la zaka.

Na hela, kwa vile hukuuliza lakini unawaza. Korosho za huko nyumbani zikilipwa mapema, simu yangu Desemba inapumzika. Malipo yakichelewa, napokea ujumbe hata wa watu niliosoma nao darasa la pili. Siwalaumu, picha nimetuma mwenyewe. Ila mjue kwamba na mimi korosho nanunua: gramu 200, kwenye pakiti imeandikwa Vietnam. Ghafi zetu nyingi zinauzwa India na Vietnam kubanguliwa, kwa hiyo nikimpa mtoto namwambia huenda hii ni ya shamba la bibi. Anaitafuna bila kusema kitu.

Binamu, hili la watoto nimeliacha mwisho kwa sababu sijui niliweke wapi. Krismasi iliyopita tulipiga simu ya video huku ikiwa saa nne usiku, kwenu saa sita, mmetoka misa. Mnakumbuka simu ilivyozunguka, kila mtu anaweka uso, mama mdogo anapiga vigelegele, mvua juu ya bati mpaka hatusikilizani. Mwanangu mkubwa ana miaka minane. Aliangalia watu wale wote uani kwa bibi, akafunika simu kwa kiganja, akaniuliza taratibu kwa Kijerumani nani kafariki. Mara ya mwisho kuuona ule ua umejaa hivyo ilikuwa msiba wa baba, nao aliuona kwenye simu.

Fomu jazeni. Sina ubavu wa kuwaambia msije wakati mimi nipo. Mkipata, fikeni na viungo vya pilau, na vitu vya Krismasi nunueni kabla ya tarehe 23.

Mwaka huu mama wa Kisyria ameshasema kuku ni wa kwake. Mimi nina ombi moja. Kuna mgeni wa abasia, ile ya watawa wa Ndanda, anarudi huku mwanzoni mwa Desemba, na begi lake lina nafasi. Hicho kitenge mtakachowashonea watoto wa hapo, nunueni na cha wangu kutoka jora lilelile, fundi awe yuleyule wa karibu na stendi. Vipimo nakutumia kesho. Mkubwa anarefuka vibaya, mwambie fundi aache upindo mrefu.